Mifarishi ya Gee's Bend: Habari za Akina Mama Walioshona Pamoja

Kitabu hiki cha mwaka, kama ilivyo desturi yake, kina hesabu za michango, mikopo, karo za watoto na gharama za mazishi. Hesabu hizo ni za lazima, kwani chama kisichoweka hesabu hakidumu. Lakini liko jambo moja katika maisha ya vyama lisilo na safu yake katika daftari la mweka hazina, nalo ni yale yatokeayo watu wakikaa pamoja na kazi mikononi. Wanaume wengi, wapitapo na kuwaona akina mama wameketi na vitambaa, ukili au uzi, husema, "Wale wanaongea tu." Neno hilo tumelisikia mara nyingi, hata katika mikutano, pale inapoulizwa kama kikundi cha ushonaji chastahili kupewa fedha za kununulia vifaa. Kwa hiyo tumeona yafaa, katika sehemu hii ya historia, tusimulie habari za akina mama wa mahali palipo mbali sana nasi. Hao ni watu weusi wenye asili ya bara letu, na kazi yao ya kuketi na kushona iliwaletea mambo ambayo hakuna aliyeyatazamia.

Mahali penyewe paitwa Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani. Mto Alabama hapo hujikunja kama kiwiko cha mkono, ukaizunguka nchi pande tatu. Upande wa nne tu ndio wenye njia ya nchi kavu. Tangu mwaka 1949 jina rasmi la mahali hapo ni Boykin, lakini wenyeji hawakuliacha jina la kale. Jina hilo latokana na Joseph Gee, mwenye mashamba wa North Carolina, aliyefika huko mwaka 1816 pamoja na watumwa wake akapanda pamba. Mwaka 1845 warithi wake, ambao walikuwa na deni, walimwachia shamba lile jamaa yao aitwaye Mark Pettway. Huyo alihamia Alabama na watumwa wapatao mia moja, nao walikwenda kwa miguu kutoka North Carolina. Mwenye ramani na aitazame njia hiyo.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu wale walibaki palepale wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na jina la bwana wao likawa jina lao. Hata leo ukibisha hodi katika nyumba tatu huko, huenda ukajibiwa na Pettway watatu ambao si ndugu wa damu.

Maisha yao yalikuwa ya deni. Mbegu, mbolea na chakula walikopa kwa mfanyabiashara wa mji wa Camden, ng'ambo ya mto, wakamlipa kwa pamba. Na bei ya pamba ilipoanguka, deni lilipanda mwaka hata mwaka. Mwaka 1932 mfanyabiashara huyo alikufa, na warithi wake wakadai deni lote kwa mara moja. Familia zipatazo 60 zilinyang'anywa walivyokuwa navyo: nyumbu, ng'ombe, nguruwe, kuku, majembe, mikokoteni, hata mahindi yaliyokuwa ghalani. Katika majira ya baridi yaliyofuata, watu waliokolewa na chakula cha Msalaba Mwekundu. Wazee wetu waliopita katika njaa za hapa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya hapo serikali ya Rais Roosevelt iliingia kati. Ardhi ya shamba lile ilinunuliwa, zikajengwa nyumba mpya za mbao, shule, duka la ushirika na kiwanda cha kuchambulia pamba. Na katika miaka ya 1940 wakulima wakaruhusiwa kununua nyumba na mashamba kwa mkopo wa riba ndogo. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana faida yake kubwa itaonekana baadaye: watu hawa walipata kuwa na ardhi iliyo yao wenyewe, na majirani zao wengi katika wilaya ile hawakuipata.

Sasa tueleze mfarishi ni kitu gani. Neno hili ni la kale katika Kiswahili cha pwani, lakini wengi wetu siku hizi hujifunika blanketi la dukani, na vijana huenda hawalijui. Mfarishi una tabaka tatu. La juu huungwa kwa vipande vya nguo. La katikati ni pamba. La chini ni bitana. Tabaka hizo hushikamanishwa kwa mishono midogomidogo ipitayo kutoka juu hata chini, nako huitwa kudarizi. Katika Gee's Bend tabaka la juu lilitoka katika mashati ya kazi, dangirizi zilizochakaa magotini, kanzu za watoto na magunia ya unga. Pamba ilikuwa ile hafifu iliyobaki shambani au sakafuni mwa kiwanda, nao waliipiga kwa fimbo mpaka ikalainika. Bitana mara nyingi ilikuwa gunia la mbolea lililofuliwa. Hakikutupwa kitu. Nyumba zao za zamani zilikuwa za mbao zenye nyufa, na kuta zikabandikwa kurasa za magazeti ili kuzuia upepo; na baridi ya huko si ile ya Julai ya Limuru peke yake, maana maji huganda. Mama mwenye watoto kumi alihitaji mifarishi mingi, mingine ya kujifunika na mingine ya kulalia. Basi kazi hii haikuanza kwa ajili ya urembo.

Lakini yatazameni yaliyofuata. Tabaka la juu kila mwanamke alilishona peke yake nyumbani mwake, usiku au mvua inaponyesha. Hapo hakuna aliyemwamuru. Kisha, mavuno yakiisha na baridi kuanza, mfarishi ulitandazwa juu ya kiunzi cha mbao, na majirani wakaja kuudarizi pamoja. Mama, binti zake, dada zake na wake za ndugu zake walikizunguka kiunzi pande zote, kila mmoja na sindano yake, na mfarishi ule ukiisha walihamia nyumba ya pili. Mkikuyu angeiita ngwatio, Mkamba mwethya, Mjaluo saga. Sisi wa Kiswahili twasema ujima. Mbinu ni ile ile: kazi imchoshayo mmoja kwa mwezi mzima humalizwa na wanane kwa siku mbili, wala hapana anayelipwa fedha, kwa kuwa kila mmoja anajua zamu yake inakuja.

Watoto wadogo walikaa chini ya kiunzi, na mfarishi ukawa dari yao. Wakubwa kidogo walitunga uzi katika sindano za bibi zao, maana macho ya bibi hayaoni tundu tena. Hivyo ndivyo msichana alivyojifunza: si kwa kufundishwa somo, bali kwa kukaa karibu. Hapo waliimba nyimbo za kanisani, wakaomba, wakaulizana habari za wagonjwa, wakajua nani hana unga nyumbani na nani amepigwa na mumewe. Yule mpita njia asemaye "wanaongea tu" amesema kweli nusu. Waliongea, na kwa kuongea huko mgonjwa alipikiwa uji na mfiwa hakulala peke yake.

Kuhusu mfiwa, ipo habari moja ambayo hatuwezi kuiacha. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa Gee's Bend, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati yaliyofifia kwa jua la shambani, akamwita binti yake amsaidie, akazikata na kuziunga ziwe mfarishi. Nia yake, kama binti alivyoisimulia baadaye, ilikuwa apate kumkumbuka mume na kujifunika kwa upendo wake. Ukiutazama mfarishi huo waona rangi ya buluu na kijivu iliyopauka, mahali pa goti pamechakaa, mahali palipokuwa na mfuko pamebaki na rangi nzito. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika jumba kuu la sanaa la taifa, mjini Washington. Sisi tumezoea kugawa nguo za marehemu siku ya kumaliza matanga, na desturi hiyo ni njema. Lakini tunakiri kwamba njia ya bibi huyu imetugusa.

Tuseme neno juu ya ubunifu, maana ndio uliowapa jina duniani. Mtindo wao upendwao sana huitwa Paa la Nyumba: kiraka kimoja katikati, kisha vipande virefu vinazungushwa, mraba ndani ya mraba, mpaka upana utoshe kitanda. Mtindo mwingine ni wa mistari mirefu tu, nao waliuita wa Msichana Mvivu, ingawa mistari hiyo si rahisi kama jina linavyodai. Na mwanamke akiacha mitindo yote akafuata moyo wake, ameshona, kwa maneno yao, kwa njia yake mwenyewe. Hawakupima kwa rula wala hawakufuata karatasi ya mfano. Kitambaa chekundu kilipokwisha katikati ya mstari, kilifuata cha rangi ya machungwa, na mstari ukapinda kidogo. Fundi wa cherehani wa mjini angeufumua, lakini wao waliuacha, kwa sababu uliamsha macho. Wataalamu wa majumba ya sanaa wamewalinganisha na wachoraji wakubwa wa karne ya ishirini. Kwa maoni yetu sifa hiyo ni ya kweli, ila imeanzia upande usiofaa. Akina mama hawa hawakuwa wamewaona wachoraji hao. Walikuwa wameonana wao kwa wao. Kila mmoja aliona kazi ya jirani juu ya kiunzi au juu ya kamba ya kuanikia, akaenda nyumbani akajaribu kuishinda. Ubunifu wao ulikua katika ujirani.

Hawakuwa wa kwanza. Harriet Powers, aliyezaliwa katika utumwa huko Georgia mwaka 1837, alishona mifarishi yenye picha za habari za Biblia. Mmoja aliuonyesha katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa uchoraji alitaka kuununua, naye akakataa. Lakini miaka michache baadaye shida ilipomwingia nyumbani, aliuuza kwa dola 5. Baadaye alirudi mara kadhaa kwa mnunuzi ili autazame tu. Alikufa mwaka 1910. Ipo pia hadithi, iliyoenea sana tangu kitabu kimoja cha mwaka 1999, kwamba watumwa waliokuwa wakitoroka waliongozwa na alama za siri zilizoshonwa katika mifarishi iliyotundikwa nje. Hadithi hiyo ni tamu, na wengine huenda wameisikia. Lakini wanahistoria walioichunguza hawakupata ushahidi wa kuithibitisha, nasi hatuioni sababu ya kuipamba historia ambayo tayari ina uzito wa kutosha.

Ikafika miaka ya 1960. Mwanzoni mwa mwaka 1965, katika wilaya ya Wilcox ambamo watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, hapakuwa na hata Mwafrika mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Watu wa Gee's Bend walikwenda Camden kudai haki hiyo. Camden waliiona kwa macho ng'ambo ya mto, na zamani walivuka kwa pantoni. Lakini mwaka 1962, walipoanza kwenda kujiandikisha, pantoni ilisimamishwa. Tangu hapo aliyetaka kufika makao makuu ya wilaya yake mwenyewe alizunguka kwa barabara kiasi cha maili 40. Katika miaka hiyo hiyo bwawa lilijengwa mtoni, na maji yakafunika sehemu kubwa ya mashamba yao mazuri. Februari 1965 Martin Luther King alifika kwao usiku wa mvua kuwatia moyo. Wengi waliandamana, wengine wakafungwa jela. Katika wilaya ile wapangaji waliojiandikisha walifukuzwa katika mashamba ya matajiri. Wale wa Gee's Bend waliokwisha kununua nyumba zao, hapana aliyeweza kuwatoa. Sasa msomaji anaona kwa nini tulimwomba aliweke akilini jambo la ardhi.

Mwezi wa Desemba mwaka huo padre mmoja wa Kianglikana, Francis Walter, alikuwa akizunguka wilaya ile akikusanya habari za watu walioonewa. Aliona mifarishi mitatu imeanikwa kwenye kamba nje ya nyumba. Alishuka katika gari ili aitazame, akafikiri kwamba kazi hii yaweza kuuzwa mijini na fedha ikawarudia wenyewe. Akaanza kununua mifarishi kwa dola 10 kila mmoja, bei iliyokuwa kubwa kwa watu waliozoea kupata senti, ili ikauzwe kwa mnada New York. Tarehe 26 Machi 1966 akina mama wapatao 60 walikutana katika kanisa moja la Camden wakaunda ushirika, wakauita Freedom Quilting Bee, yaani ujima wa uhuru wa kushona mifarishi. Walichagua halmashauri yao wenyewe. Estelle Witherspoon, mkulima na binti wa washonaji, aliendesha kazi zake kwa miaka mingi.

Yaliyofanywa na ushirika huo yastahili kusomwa na kila halmashauri ya chama cha ustawi. Walinunua ardhi, wakakata viwanja na kuwauzia familia zilizofukuzwa kwa sababu ya kura. Mwaka 1969 walifungua jengo lao la kushonea, wakalipa jina la King aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Walianzisha mahali pa kutunzia watoto mchana ili mama aweze kuja kazini. Kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika malipo yaliyoandikwa jina lao, wala si la mume au la mwenye shamba.

Lakini soko lina masharti yake, na hapa habari yetu inakuwa ngumu. Maduka makubwa ya New York yaliyoagiza mifarishi yalitaka kila mmoja uwe sawa na wa jana: kipimo kimoja, mtindo mmoja, rangi zilizochaguliwa na wengine. Mwaka 1972 ukaja mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za kitambaa cha kodroi. Kazi hiyo ilileta mshahara wa uhakika, na watoto walisoma kwa fedha hiyo. Lakini foronya ni foronya, ya elfu ni kama ya kwanza. Wale waliokuwa wameshona kwa njia yao wenyewe sasa walishona kwa cherehani, mstari mmoja, siku nzima. Baadhi ya washonaji hodari hawakujiunga kamwe, na wengine waliondoka. Twaona si haki kuwalaumu waliobaki. Mama mwenye deni la duka hawezi kula ubunifu.

Ila kulikuwa na masazo. Vipande vya kodroi vilivyokatwa pembeni, vya rangi ya dhahabu, ya parachichi na nyekundu, akina mama walivichukua wakaenda navyo nyumbani, wakawagawia na jirani wasiokuwa wanachama. Kutoka katika masazo hayo ikatoka baadhi ya mifarishi mizuri kuliko yote ya Gee's Bend, kwa kuwa kodroi ni ngumu kukata vipande vidogo, nayo iliwalazimisha kufanya maumbo makubwa, mapana, yenye rangi kali. Mchana walishona kama walivyoagizwa, na usiku kama walivyopenda. Akina mama wa Ukambani waliosuka vyondo kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani, wakaona baadaye vyondo vya kuigiza vikiuzwa kando ya vyao, wataielewa habari hii bila mkalimani.

Ushirika ule ulidhoofika kadiri maagizo yalivyopungua na wanachama walivyozeeka, ukafungwa mwaka 2012. Wakati huo, hata hivyo, jina la Gee's Bend lilikuwa limekwisha kuvuma kwa njia nyingine. Mwaka 2002 jumba la sanaa la Houston lilitundika mifarishi ya kale ya kijiji hicho ukutani, kisha ikapelekwa New York na miji mingine. Watu walipanga mstari kuitazama. Mwaka 2003 washonaji wakaunda chama kipya cha kuuza kazi zao wenyewe, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikatoa stempu kumi zenye picha za mifarishi yao. Mwaka 2015 watatu kati yao, Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway, walipewa heshima ya taifa itolewayo kwa mafundi wa sanaa za jadi.

Pamoja na sifa yalikuja maswali ya fedha. Mfarishi ulionunuliwa zamani kwa bei ya kuku ulikuwa sasa na thamani ya gari. Na michoro yake ilichapwa juu ya mazulia na vikombe. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata sehemu iliyo haki yao, na mwaka 2008 madai hayo yakamalizwa. Hatutaki kuingia katika hukumu za watu wengine. Twasema tu kwamba kikundi chochote cha akina mama chenye mtindo wake wa kushona, kusuka au kufuma kingefanya vyema kuuliza, kabla ya mgeni kubeba mfano, ni nani mwenye mfano huo na imeandikwa wapi.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba Alabama iko mbali mno. Basi watazame bahari yetu wenyewe. Huko Karnataka, kusini mwa Bara Hindi, wanaishi watu waitwao Siddi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari katika karne zilizopita, wengi kwa nguvu. Tusisahau kwamba njia ile ilikuwa na watu waliorudi pia: Frere Town ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliotolewa utumwani, ilipokea Waafrika waliolelewa Nasik katika nchi hiyo hiyo ya Bara Hindi. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, Waislamu, Wahindu na Wakristo, hushona mifarishi waiitayo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Hawaanzi katikati kama wale wa Paa la Nyumba. Huanza pembeni, wakashona kuzunguka na kuzunguka, kiraka juu ya kiraka, mpaka mshono ufike kati; na katika pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa ambavyo wao huviita maua, kwani bila hivyo kazi huhesabiwa kuwa haikukamilika. Mjukuu hulalishwa juu yake. Nao pia, mwaka 2004, waliunda ushirika wa kuuza kazi zao. Hatusemi kwamba wale wa Alabama na hawa wa Karnataka walirithi mshono mmoja kutoka Afrika, hilo halikuthibitishwa. Walichoshiriki ni hali: nguo kuukuu, baridi ya usiku, na majirani wanaoweza kuketi chini pamoja.

Pantoni ya Gee's Bend ilirudishwa mwaka 2006, baada ya miaka 44. Kati ya waliozuiwa kuvuka mwaka 1962, wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walivuka. Washonaji wa sasa ni mabinti na wajukuu. Wengine huuza kazi zao kwa intaneti bila kumpitia mtu, na tangu mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, kijiji kizima hutundika mifarishi nje, barazani na kwenye kamba za kuanikia, kama bibi zao walivyofanya majira ya baridi yakiisha, na wageni huja kuitazama na kuinunua kwa mwenye kuishona.